Janti zenye pete: tuzifungue, tuzisafishe na tuzifunge bila kupoteza mtu

Leo tunaacha kidogo mbegu, mbolea na magonjwa ya muhogo. Tunazungumza juu ya kitu kinachobeba mavuno yetu mpaka Goma: gurudumu la gari.

Viazi vya Kibumba, maharage ya Rutshuru, jibini na kabichi za Masisi, vyote vinapashwa kufika soko la Virunga au Kituku mbele ya kuharibika. Barabara zetu mnazijua. Mahali pengine ni matope mpaka magotini, mahali pengine ni mawe ya volkano yanayokata pine kama kisu. Kwa hiyo hakuna juma linalopita bila gurudumu kufunguliwa: mara kwa kwado wa barabarani, mara nyuma ya depo ya koperative, mara uani kwa mtu, watoto wakiwa wamesimama kutazama.

Hapo ndipo kuko hatari ambayo watu wengi hawaijui vizuri. Gari nyingi zinazobeba mazao yetu zinatembea na janti za vipande vingi, zile tunazoita janti zenye pete. Ni janti nzuri kwa nchi kama yetu, kwani mtu anaweza kuzifungua porini kwa nguvu ya mikono tu, bila mashine. Lakini pete ikifungwa vibaya, au mtu akiifungua kukiwa na hewa ndani, inaruka na inaua. Tunataka kila koperative iwe na watu 2 au 3 wanaoijua kazi hii toka mwanzo mpaka mwisho.

1. Janti yenye pete ni kitu gani?

Gari ndogo za mjini ziko na janti ya kipande kimoja. Pine inaingizwa kwa kuvutwa juu ya ukingo wa janti. Pine ya kamio ni ngumu sana, haikubali kuvutwa vile. Ndiyo maana watengenezaji waligawa janti yenyewe.

Angalia gurudumu la kamio lenye pine ya 8.25-20, 9.00-20 au 10.00-20, ama la Land Cruiser ya zamani yenye pine ya 7.50-16. Mara nyingi utaona mambo haya:

Kwanza, kuko janti yenyewe, yaani chuma cha mviringo chenye ukingo upande mmoja tu. Upande wa pili hauna ukingo, uko na mfereji mwembamba uliochongwa kuzunguka chuma.

Pili, kuko ukingo wa kuondoka. Ni chuma cha mviringo kinachoshika pine upande ule wa pili.

Tatu, kuko pete ya kufunga. Ni chuma chembamba kilichokatwa mahali pamoja ili kipanuke kidogo. Pete inakaa ndani ya mfereji na kuzuia ukingo usitoke. Kwa janti za vipande 2, ukingo na pete ni kitu kimoja.

Ndani ya pine kuko mpira wa hewa, na kati ya mpira na janti kuko kanda ya mpira mgumu. Kazi ya ile kanda ni kulinda mpira wa hewa usikatwe na chuma.

Kuko tena aina nyingine: janti ya nusu 2 zilizoshikanishwa kwa nati. Tunaziona kwa matoroli, kwa mashine ndogo za kulimia na kwa pikipiki za zamani za aina ya Vespa. Hizi ni ndogo, lakini sheria ni ile ile. Nati za kushikanisha nusu 2 si nati za kushika gurudumu kwa gari. Mwenye kuzichanganya, akafungua zile za nusu kukiwa na hewa, janti itapasuka mbele ya uso wake.

2. Juu ya nini pete inaruka?

Tufanye hesabu kidogo. Pine ya kamio iliyobeba mzigo inaweza kuwa na hewa ya 7 bar. Maana yake, kila sentimeta moja ya mraba ndani ya pine inasukumwa kwa nguvu ya kilo 7 hivi. Chukua sehemu ndogo, upana sentimeta 10 na urefu sentimeta 10, sawa kiganja cha mtu mkubwa. Hiyo ni sentimeta za mraba 100. Zidisha kwa 7: unapata kilo 700. Ni magunia 7 ya kilo 100, yanayosukuma kiganja kimoja tu. Sasa fikiri kuzunguka pine yote kuko viganja vingapi.

Nguvu yote ile inazuiwa na pete iliyokaa katika mfereji wenye kina kidogo tu. Pete ikiwa mahali pake, hewa yenyewe inaikaza na haiwezi kutoka. Lakini kama kutu imejaa mfereji, kama pete imepindika, kama ni pete ya janti nyingine, au kama imeingia nusu tu, basi inakaa juu juu. Inangoja. Inaweza kutoka wakati wa kujaza hewa, inaweza kutoka mtu akiigonga na nyundo, inaweza kutoka baadaye barabarani. Ikitoka, hakuna mtu anayeweza kuikwepa. Jicho halioni na mguu haupati wakati wa kukimbia.

Jambo hili si la Kongo peke yake. Kule Marekani wafanyakazi wengi waliuawa na janti za namna hii, mpaka serikali ikatoa sheria ya kazi katika mwaka 1980, juu ya janti za vipande vingi tu. Katika mwaka 1984 sheria iliongezwa kwa magurudumu makubwa ya kipande kimoja vilevile. Mengi tunayofundisha hapa yanafuata njia ile: toa hewa yote kwanza, usichanganye vipande, usichomelee, na jaza hewa gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha chuma.

3. Kazi ya nyumbani na kazi ya mahali penye kizimba

Tuseme wazi tangu sasa. Kutoa hewa, kufungua, kusafisha, kuchunguza, kupaka rangi na kurudisha vipande, hizo ni kazi mnazoweza kufanya uani au kwa depo. Kujaza hewa ni kazi nyingine. Inapashwa kufanyiwa mahali penye kizimba, kompresa na mpira mrefu wa hewa. Kama koperative yenu haina kizimba, mpeleke gurudumu lililofungwa lakini lisilo na hewa kwa kwado aliye nacho. Kubeba gurudumu juu ya chukudu mpaka kwake ni jasho la saa moja. Kufiwa ni kwa siku zote.

4. Vyombo vya kutayarisha

Mtahitaji kriki (jeki) inayoweza uzito wa gari, mawe makubwa au vipande vya mti vya kuzuia magurudumu, ufunguo wa nati, kifaa cha kutolea sindano ya valvu, na waya mwembamba. Tena vyuma 2 au 3 vya kupanulia vyenye ncha nzuri isiyopasuka, nyundo ya mpira au ya mti, brosi ya waya, msasa, chaki, mafuta ya taa kidogo, sabuni na rangi ya kuzuia kutu. Vaeni viatu vya kufunika vidole na miwani ya kulinda macho. Kutu ikiruka ndani ya jicho, nayo ni ajali.

Nyundo ya chuma isigonge pete wala ukingo. Chuma kwa chuma kinaleta ufa, na vipande vinaruka.

Watoto na watazamaji waende mbali. Piga mstari chini kwa chaki, mtu asiupite.

5. Kutoa hewa na kuvua gurudumu

Simamisha gari mahali tambarare, vuta freni ya mkono, weka mawe mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini. Shusha mzigo kama inawezekana.

Sasa ni hatua ambayo watu wanairuka. Mbele ya kugusa nati hata moja, toa sindano ya valvu yote, usiibonyeze tu. Acha hewa itoke mpaka sauti imalizike. Kisha ingiza waya ndani ya valvu na uusukume mara kadhaa. Matope yanaweza kuziba tundu, ukafikiri hewa imekwisha kumbe iko. Waya ukiingia vizuri na hakuna pumzi inayotoka, basi ni tupu kweli.

Kama ni magurudumu pacha ya nyuma, toa hewa ya yote mawili, hata kama unataka kuvua moja tu. Juu ya nini? Kwa sababu janti ya ndani inaweza kuwa imepasuka, na inashikwa tu na nati zile unazotaka kulegeza. Ukizilegeza, inaachia.

Kisha hapo ndipo unalegeza nati, unainua gari kwa kriki, unaweka miti chini ya ekseli, na unavua gurudumu. Mtu asiingie chini ya gari linalosimama juu ya kriki peke yake.

6. Kufungua vipande

Laza gurudumu chini, pete ikiwa juu. Mbele ya yote, andika kwa chaki namba moja juu ya janti, ukingo na pete: kama ni gurudumu la 3, vipande vyote vinapata 3. Weka alama tena kuonyesha upande gani wa pete unatazama nje. Kama mnafungua magurudumu mengi siku moja, alama hizi ndizo zitakazowaokoa.

Ingiza chuma cha kupanulia kati ya ukingo na pine, sukuma pine chini kidogo, sogea hatua moja, sukuma tena. Zunguka pole pole. Pine ikiwa imeshikana na kutu, mwaga maji ya sabuni, ngoja dakika chache, zunguka tena. Usitafute kumaliza kwa pigo moja.

Ukingo ukishuka, pete itabaki huru. Tafuta mahali ilipokatwa. Karibu hapo kuko kajisehemu kalikochongwa kwa ajili ya chuma. Ingiza ncha, inua, fuata kwa chuma cha pili, zunguka mpaka pete yote itoke. Uso wako usiwe juu ya pete, kwa kuwa pete ni kama mtego, inaweza kuruka hata bila hewa. Ondoa ukingo. Geuza gurudumu, legeza pine upande wa pili, kisha inua janti itoke. Sukuma valvu ndani kwa mkono ili isikatike.

7. Kusafisha na kuchunguza

Mvua yetu ni nyingi, na ile inayopita ndani ya moshi wa volkano inakuwa na asidi, inaharibu chuma. Matope nayo yanakaa ndani ya mfereji wa janti na kushika unyevu. Kwa hiyo janti inaweza kuwa nzuri kwa macho ya nje na kuoza mahali pete inapokaa.

Safisha kila kipande kwa brosi ya waya mpaka chuma chenyewe kionekane. Mfereji ndio usafishwe kuliko mahali pengine. Pitisha kidole polepole kuzunguka wote: usisikie kipele cha kutu, rangi ya zamani wala mchanga. Safisha pande zote za pete na ukingo, hasa mahali vinapogusana.

Kisha tafuta ufa. Kuko njia ya zamani isiyo na gharama. Pangusa chuma kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ngoja dakika chache, kausha vizuri kwa kitambaa kingine, kisha sugua chaki juu yake. Kama kuko ufa, mafuta yaliyoingia ndani yatatoka na kuchora mstari wa giza juu ya chaki. Fanya hivi kwenye mfereji, kuzunguka matundu ya nati, na kati ya matundu makubwa ya janti. Mafuta ya taa yasikutane na moto wala sigara.

Angalia matundu ya nati. Kama tundu limekuwa refu kama yai, gari lilitembea na nati zilizolegea. Weka pete na ukingo juu ya simenti tambarare: kama vinachezacheza kama meza yenye mguu mfupi, vimepindika.

Angalia pine pia. Ingiza mkono ndani, tafuta jiwe, msumari, kitambaa kilichopasuka, na mkunjo uliochomeka kwa kutembea bila hewa. Na kama mnanunua pine ya okazyo, tafuteni ubavuni, kisha herufi DOT, tarakimu 4 za mwisho. Kama ni 2318, pine ilitengenezwa juma la 23 la mwaka 2018. Muuzaji anaweza kuipaka nyeusi ing'ae, lakini tarakimu zinasema umri wake.

8. Kile kisichotengenezwa

Hapa tunaomba moyo mgumu, kwa kuwa vitu ni ghali na sisi wote tunapenda kuokoa.

Janti, ukingo au pete yenye ufa haitengenezwi. Iliyopindika haipigwi nyundo inyooke. Iliyoliwa na kutu mpaka mashimo haijazwi. Na hakuna kusude. Moto wa kuchomelea unabadili chuma: kinaonekana kimeshikana, lakini kando ya ile alama kimekuwa dhaifu. Tena, kuchomelea janti ikiwa bado na pine juu yake kumeua watu mahali pengi, hata pine isiyo na hewa. Joto linafanya mpira utoe gesi, gesi inashika moto ndani, na pine inalipuka.

Usichanganye vipande. Pete ya 20 inaweza kufanana na pete nyingine ya 20 ya fabriki tofauti, na ikaingia, na isishike. Soma alama zilizochongwa juu ya chuma. Kama hazisomeki na kipande hakikutoka pamoja na janti ile, usikitumie.

Kitu kibovu kisirudi sokoni. Pete mbovu ikateni vipande 2 siku ile ile, la sivyo wiki ijayo mtaiona Birere imepakwa rangi mpya, inauzwa kwa ndugu yenu. Janti mbovu itundikwe shuleni iwe kengele. Hapo italia miaka mingi na haitadhuru mtu. Pine mbovu wapeni watengenezaji wa chukudu wakate kanda za kuvisha magurudumu ya mti. Gurudumu la chukudu halina hewa, pete haitatoka.

9. Kupaka rangi na kufunga

Vipande vizuri pangusa vumbi, paka rangi ya kuzuia kutu, koti moja jembamba, acha ikauke kabisa, kisha koti la pili. Ndani ya mfereji rangi iwe nyembamba sana, isijae. Mahali janti inapogusana na ekseli na mahali nati zinapokaa, usipake rangi nene: itabonyea gari likitembea, na nati zitalegea.

Tia mpira wa hewa ndani ya pine. Uwe wa kipimo kile kile kilichoandikwa kwa pine. Mpira mkubwa unajikunja na kukatika kwa mkunjo. Mdogo unavutika na kuwa dhaifu. Jaza hewa kidogo tu upate umbo. Weka kanda ya kulinda, hakikisha haijakunjika. Paka maji mazito ya sabuni kwa midomo ya pine na kwa janti. Usitumie grisi wala mafuta ya motere: yanakula mpira.

Laza janti, shusha pine juu yake, valvu ikiingia katika nafasi yake. Weka ukingo. Kisha pete: anza na ncha moja, ikanyage kwa mguu ndani ya mfereji, zunguka ukibonyeza, na maliza kwa nyundo ya mpira mpaka ncha ya pili iingie. Sasa simama, usiharakishe. Zunguka gurudumu lote kwa macho na kwa kidole. Pete iwe imelala sawasawa mahali pote, na kati ya ncha zake 2 kuwe na upenyo mdogo. Kama ncha zimepandana, au mahali pamoja imeinuka hata kidogo, ifungue uanze upya.

10. Kujaza hewa

Gurudumu liingie ndani ya kizimba cha mabomba mazito ya chuma. Kizimba kisiwe karibu na ukuta ambapo watu wanapita nyuma. Mnyororo au kamba si badala ya kizimba. Na ile desturi ya kugeuza pete itazame chini, au kuegemeza gurudumu kwa ukuta na kusimama juu yake, imezika watu wengi.

Mpira wa hewa uwe mrefu, wenye kichwa kinachojishika chenyewe kwa valvu, na kipimo kiwe upande wako, mbali. Simama ubavuni, si mbele ya pete wala nyuma ya gurudumu.

Anza na hewa kidogo, chini ya 1 bar. Funga hewa, angalia pete kutoka mbali. Kama imekaa vizuri, endelea. Kama haijakaa, toa hewa yote, toa na sindano, kisha ndipo urekebishe. Hapana kugonga pete yenye hewa, hata kwa nyundo ya mti, hata kidogo, hata kama kwado wako anafanya vile kila siku.

Ukifika kipimo kamili, toa hewa yote tena, kisha jaza mara ya pili. Hii inanyoosha mikunjo ya mpira wa ndani. Usipite kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa pine.

Vijana wengine wanatuuliza: tutamwambiaje kwado aliye mkubwa kwetu? Tunajibu, kwa heshima, lakini mwambieni. Kijana anaweza kusema: "Papa, kazi yako tunaijua, hatukufundishi. Lakini gurudumu hili ni la koperative, na koperative imesema liingie kizimbani. Tutangoja." Kama papa akijibu kwamba tangu ujana wake anafanya bila kizimba na haijampata, mjibuni pole pole: "Tunamshukuru Mungu, papa. Ndiyo maana tunataka kesho vilevile tukukute hapa." Mzee anayeheshimiwa hivi hakasiriki.

11. Barabarani na kisha kazi

Rudisha gurudumu kwa gari, kaza nati kwa msalaba, moja huku na ya pili ng'ambo yake, si kwa kuzunguka. Kisha kutembea kilometa kama 50, yaani karibu Goma mpaka Sake na kurudi, simama ukaze tena. Chuma na rangi mpya vinajikalisha.

Na hii ndiyo sheria ambayo shofere anapashwa kuijua kwa moyo: pine iliyotembea na hewa ndogo hairudishiwi hewa pale pale barabarani. Kipimo ni sehemu 80 kwa 100. Kama pine yako inataka 7 bar, basi mpaka ni 5,6 bar. Ikiwa imeshuka hapo au chini yake, pete inaweza kuwa imesogea bila kuonekana. Toa hewa yote, vua gurudumu, weka la akiba, na lile livunjwe lichunguzwe. Tunajua ni vigumu usiku karibu na Rugari na kabichi ziko ndani ya gari. Ndiyo maana gurudumu la akiba lichunguzwe mbele ya safari, lisiwe pambo.

12. Koperative ifanye nini?

Tunapendekeza mambo 4. Chagueni watu 2 au 3 wa kazi hii, na mwingine asiguse pete. Mwekee kila gurudumu ukurasa katika daftari: namba yake, tarehe ya kufunguliwa, nani alifungua, kipi kilibadilishwa. Koperative 3 au 4 za karibu zichange feza, zitengeneze kizimba kimoja kwa fundi mzuri wa chuma, zikiweke kwa depo au kwa kwado wanayemwamini. Na mkikodi kamio ya mtu mwingine, angalieni pete zake mbele ya kupakia, kama vile mnavyopima kilo. Mzigo ni wenu, na watu wanaopanda juu ya mzigo ni watoto wenu.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika depo yetu, magurudumu mangapi yako na pete? Tuyahesabu pamoja na tuyape namba.
2. Kwa nini tunatoa hewa ya magurudumu pacha yote mawili mbele ya kulegeza nati?
3. Pine yetu inataka bar ngapi? Sehemu 80 kwa 100 yake ni ngapi? Kila shofere afanye hesabu mbele ya wenzake.
4. Kizimba cha karibu kiko wapi? Kama hakiko, tutazungumza na koperative gani ili tukitengeneze?
5. Pete ile iliyotundikwa ukutani kwa depo ilitoka kwa janti gani? Kama hakuna anayejua, tuikate leo.